Mkono wa Goni Kachalla

Nukta moja ilikuwa mbichi. Mkasa wote ulianzia hapo, kwenye nukta isiyozidi punje ya mtama, na Zulai asingeigundua kama asingepitisha kidole juu yake akidhani ni uchafu. Wino ukamshika kidoleni, mweusi tii, ukaacha mkia juu ya karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa imechapwa tangu jana. Na printa ya ofisi ile haitumii wino wa maji hata kidogo. Hutumia unga mkavu unaookwa kwa moto juu ya karatasi. Unga haujawahi kuwa mbichi.

Zulai alikuwa mpangaji wa kurasa katika Hasken Yakasai, kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu vya dini ndani ya mji mkongwe wa Kano. Hakuwa mwanamke wa kushtuka ovyo. Alinusa kidole, akasikia harufu ya masizi na gundi ya mgunga iliyochemshwa, wino wa chuoni kabisa, ule wa kuandikia mbao za Kurani. Akamwita Kyari.

Kyari ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta. Kompyuta zilikuwa nane, na wiki ile zilikuwa zimeugua zote kwa pamoja, maana mwenye kiwanda, Alhaji Tanimu, alikuwa ameruhusu sasisho kubwa lipakuliwe kwenye mashine zote siku moja bila kumuuliza fundi, kama wenye mali wanavyopenda kufanya. Sasisho likavuruga fonti. Fonti mama ya kiwanda, iliyoitwa Hasken Borno, ikajirudufu. Kwenye orodha inaonekana mara mbili, na mashine haijui ishike ipi. Mstari mmoja unatoka vizuri, unaofuata unatoka visanduku vitupu. Kyari akafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Alizitupa zote mbili kwenye pipa la taka la kompyuta, akalimwaga pipa, kisha akaiweka fonti upya kutoka kwenye nakala ya akiba. Mashine nane, saa moja na nusu, kazi imekwisha.

Laiti angefikiri kidogo. Mtoto yeyote wa Kano aliyepita chuoni anajua kwamba herufi za mkono wa mwalimu hazitupwi. Ubao ukijaa huoshwa, na maji yake hunywewa kama dawa, ndiyo kombe, au humwagwa mahali pasipokanyagwa. Karatasi ikichakaa huzikwa. Lakini Kyari hakudhani kwamba nyuma ya fonti ile kulikuwa na mkono wa mtu. Alijua imenunuliwa kwa Wamoroko. Sagiru alimwambia hivyo, na neno la Sagiru kwake lilikuwa halihitaji shahidi.

Sagiru alikuwa mkuu wa usanifu pale kiwandani. Yeye ni Mfulani, Kyari ni mtu wa Borno, na watu wa makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu. Kila asubuhi Sagiru alipita mlangoni kwa Kyari akimwita mtumwa wake, na Kyari akamjibu kwamba mtumwa ni yule anayekesha na ng'ombe wa watu. Walikula kosai, zile bajia za kunde, katika sahani moja. Sagiru alipopandishwa cheo, Kyari alichinja kondoo kwa furaha, ingawa cheo kile yeye naye alikuwa akikitamani. Hansatu, mama yake Sagiru, alikuwa akimwekea Kyari kibuyu chake cha fura, mtama uliokorogwa na maziwa, kila Ijumaa. Undugu gani tena?

Basi kuhusu nukta, Kyari aliiangalia, akasema huenda printa imeingiwa na unyevu. Ulikuwa msimu wa upepo wa jangwani, midomo imepasuka na ngozi zimekuwa majivu, na unyevu ulikuwa haupatikani hata kisimani.

Siku ya pili kukaanza kusikika mkwaruzo.

Umeme ulikatika saa sita mchana, kama kawaida yake. Mashine zikazima, feni ikasimama, na katika ule ukimya mfupi kabla jenereta haijavutwa kamba, Kyari na Zulai wakasikia kalamu ya mwanzi ikitembea juu ya karatasi. Kwaruu, ikanyanyuka. Kwaruu, ikanyanyuka. Ilitokea ndani ya mashine ya tatu, iliyokuwa imezimwa, na kioo chake cheusi kilikuwa na ukungu kama mtu amekipumulia.

"Unasikia?" Zulai alinong'ona.

"Nasikia."

"Ni panya?"

"Panya haandiki," Kyari alisema, na wote wawili wakatamani asingelisema hilo.

Kuanzia hapo mambo yakafuatana. Kurasa zilizochapwa usiku zilikutwa asubuhi zimegandana kwa wino mbichi. Harufu ya gundi ikaota mizizi hata kwenye makoti. Kyari alizima masasisho yote, akairudisha programu ya zamani, akakata nyaya za mtandao moja moja, na kila alipoifuta Hasken Borno ilikuwa inarudi kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe. Siku ya nne, alipokuwa akiifuta kwa mara ambayo hakuihesabu tena, kitu kikamshika mkono wa kulia. Hakikumshika kwa nguvu. Kilimshika kama mwalimu anavyoushika mkono wa mtoto anayejifunza alifu, kiganja baridi juu ya kiganja chake, na vidole vyake vitatu vikajikunja taratibu kama vinavyoshika kalamu, vikabaki hivyo, na ubaridi ukapanda mpaka kwenye kiwiko, na alipojaribu kuvinyoosha kwa mkono wa kushoto alisikia karibu na sikio lake mtu akishusha pumzi kwa subira, mtu mwenye siku nyingi mbele yake.

Jioni ile alikula kwa mkono wa kushoto mbele ya watoto wake. Mkewe, Yagana, aliona, akageuka ukutani. Fundi asiye na mkono wa kulia atalisha nani? Na Mwislamu asiyeweza kuunyoosha kumsalimu mwenzake ataketi na nani? Kyari alilia usiku ule, wala sioni haya kulisema.

Asubuhi alifanya jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo kama asingekuwa na imani na rafiki. Aliifungua fonti yenyewe, akaikuza herufi wau mpaka ikajaa kioo kizima. Mkiani mwa wau palikuwa na kijino kidogo.

Alikijua kijino kile. Kilikuwa cha kalamu ya Goni Kachalla, mjomba wake na mwalimu wake, mwandishi wa misahafu aliyefariki misimu miwili ya mvua iliyopita. Mwanzi wake ulikuwa na pengo, naye alikataa kuuchonga upya, akisema wamezeeka pamoja. Kabla ya kufa alimwandikia Kyari herufi zote katika karatasi sita, ajifunze mkono wake, kwa sharti moja: zisitoke nje ya nyumba ile mpaka azijue zote. Kyari alikwenda kila Alhamisi. Na kwa kuwa rafiki haachwi mlangoni, alikwenda na Sagiru.

Akateremka kwenye maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, mahali mtengenezaji anapoweka jina lake. Palikuwa na mstari mmoja. *Zimetolewa kwa ridhaa ya ukoo na Kyari, mpwa wa marehemu.*

Aliusoma mara tatu. Kisha akaenda kumtafuta Sagiru, akamkuta kwenye ghala la karatasi, akafunga mlango nyuma yake.

"Uliniambia umeinunua kwa Wamoroko."

Sagiru akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni alipouona mkono. "Nilipiga picha ulipokwenda kutia udhu. Siku moja tu. Mtumwa wangu, mtani hashtakiwi. Mfulani akichukua mbuzi wa mtu wa Borno, nani anakwenda polisi?"

"Herufi za Goni ni mbuzi?"

"Zilikuwa zinaozea ndani. Sasa zinasomwa mpaka Nijeri."

"Na jina langu, Sagiru? Jina langu nalo ni mbuzi?"

Hapo Sagiru akaacha utani. Alieleza akitazama chini kwamba Alhaji alidai ridhaa ya ukoo, na kwamba cheo kilikuwa kinasubiri, na kwamba hakuona jina lingine la kuandika ila la mtu ambaye asingemkatalia. Kilichomuuma Kyari si fonti. Alikuwa akimkumbuka yule kondoo, na jinsi Sagiru alivyoketi akatafuna mbavu zake akimshukuru.

"Njoo kwa Ya Kellu, ukiri," alisema. "Mkono wangu unakufa."

Sagiru aliushika ule mkono uliokunjamana, akauweka kifuani kwake, na machozi yakamtoka. "Wallahi nitasema. Ijumaa baada ya sala. Wewe ni ndugu yangu."

Ya Kellu alikuwa mjane wa Goni. Miaka arobaini alimpikia mumewe wino, masizi na gundi na magome, mpaka kucha zake zikawa nyeusi zisizotakasika. Watu wengine wa mtaa walikuwa wakimwendea kwa kombe zaidi kuliko walivyokwenda kwa masheikh. Alipouona mkono wa Kyari hakushangaa. Aliupapasa, akanusa, akatabasamu kwa huzuni.

"Huyu namjua," alisema. "Ni khadamu wa Goni. Mkono ukiandika Kitabu miaka mingi hupewa jini wa kuutumikia. Alikuwa akimshikia karatasi upepo usiipeperushe. Mimi nilikuwa nikimsikia akitembea hapo uani. Goni alipokufa, kazi yake iliisha, angekwenda zake. Sasa nyinyi mmeuacha mkono unaandika huko kwenye mitambo yenu, mchana na usiku, naye hawezi kuondoka. Kisha mkautupa kwenye taka. Ndipo akaamka kumtafuta aliyezitoa herufi nje."

Kyari alimuuliza kwa sauti ndogo afanye nini.

"Aliyezitoa akiri kwa mdomo wake. Nitaandika jina lake ubaoni, nitaliosha, atakunywa, na yatakwisha bila madhara. Asipokiri, khadamu ataliandika mwenyewe, kwa mkono alioushika. Na jina akiliandika yeye lina muda mpaka magharibi. Likioshwa na mwenyewe akalinywa kabla jua halijazama, amesamehewa. Lisipooshwa, humchukua mtu kama yeye alivyochukua herufi."

Ijumaa wakakusanyika uani kwake. Kyari alifika mapema. Sagiru akafuata, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na alipoketi alimgusa Kyari begani kumpa moyo. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Alhaji Tanimu. Alikuwa amesikia habari kwa Zulai, akaja kuona ni nani aliyemharibia mashine zake. Kyari aliona uso wa Sagiru ukibadilika, na bado hakuelewa. Mtu akiwa anampenda mwenzake huchelewa kuelewa.

Ya Kellu aliweka ubao katikati, ubao wa Goni mwenyewe, na kibuyu cha maji kando. Upepo ukakoma. Kuku wakaacha kuchakura. Kwenye kuta za udongo, pande zote nne, ikasikika kalamu ya mwanzi ikitembea polepole, kwaruu, kwaruu, ikizunguka ua kama mtu anayepita nyuma ya wageni akiwahesabu migongo, na ilipofika nyuma ya Sagiru ikasimama.

"Nani aliyezitoa herufi ndani ya nyumba hii?" Ya Kellu aliuliza.

Sagiru alimtazama Alhaji, akautazama ubao, na mwisho akamtazama Kyari, na macho yake yalikuwa na upole ule ule wa siku zote.

"Mama, mimi ni mtu wa kuja na kuondoka tu hapa," alisema. "Kyari ndiye. Jina lake limo ndani ya fonti. Alhaji mwenyewe anaweza kuliangalia."

Alhaji akaitikia kwamba ni kweli, alionyeshwa jina hilo tangu mwanzo. Kyari alifungua kinywa. Angesema nini? Jina lilikuwa lake, mjomba alikuwa wake, na aliyemleta Sagiru katika nyumba ile alikuwa yeye. Ya Kellu alimtazama kwa muda mrefu, mwanamke aliyempakata akiwa mchanga, kisha akaandika jina lake ubaoni, akaliosha, akamsukumia kibuyu. Kyari akakipokea kwa mkono wa kushoto. Alikunywa kombe la kosa lisilo lake mpaka tone la mwisho, na Sagiru akasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kombe halitibu homa ya jirani. Mkono ulibaki kama ulivyokuwa.

Alhaji alimwambia aje kesho yake azifunge mashine zote vizuri, kisha akabidhi funguo. Basi Jumamosi Kyari alikuwa peke yake katika chumba cha kompyuta, alasiri, vumbi la jangwani limeziba madirisha mpaka jua likaonekana kama sarafu ya shaba. Mashine zote nane zilikuwa zimezimwa. Alikuwa akikunja nyaya kwa mkono mmoja pale ule wa kulia ulipoinuka wenyewe kutoka mapajani, ukachukua kalamu ya kawaida iliyokuwa imekauka tangu mwaka jana, ukavuta karatasi nyeupe, na kiganja baridi juu ya kiganja chake kikaanza kumwongoza, bila haraka, kutoka kulia kwenda kushoto, wino mbichi ukitoka mahali pasipo na wino, harufu ya gundi ikimjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na kila mkia wa wau ukiwa na kijino chake, mpaka mstari ulipokamilika na vidole vyake vikaachiliwa kimoja kimoja, vikawa na joto, vikawa vyake tena.

*Sagiru bin Hansatu.*

Kyari alitazama saa. Kulikuwa na nusu saa kabla ya magharibi. Nataka ijulikane kwamba alisimama mara ile ile. Alipasua mfuko wa maji kwa meno, akaumimina kwenye bakuli, akaishika karatasi kwa pembe zake mbili tayari kuitumbukiza. Alikuwa amekwisha kuinamisha mkono pale mlango ulipofunguliwa, akaingia Sagiru mwenyewe.

Midomo ilikuwa imempasuka mpaka damu. Alijitupa kwenye kiti.

"Mtumwa wangu, umeninunia? Acha hizo. Mtu wa Borno hafi njaa, utapata kazi kwingine." Akajilamba midomo. "Kabla hujaondoka niandikie maneno ya siri ya mashine. Na unipe hayo maji. Tangu jana kila ninachokunywa hakishuki."

Kyari alikuwa bado ameshika karatasi. "Huna la kuniambia kwanza?"

"La kukuambia?"

"Lolote, Sagiru."

Sagiru alifikiri, kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta kitu alichosahau sokoni. Halafu akacheka.

"Aa. Mama anakusalimu. Anasema Ijumaa hukuja kuchukua fura yako."

Kyari akaigeuza karatasi, akailaza kifudifudi juu ya meza, mbali na bakuli. Akalichukua bakuli la maji matupu kwa mkono wake wa kulia, akampa. Sagiru alikunywa yote, akashusha pumzi, akamshukuru, wala hakuona kwamba mkono uliompa ulikuwa umepona. Akatoka akipiga mluzi. Kyari akaketi na kuingoja adhana, na ilipolia aliisikia mpaka mwisho bila kuinuka.

Asubuhi alipoleta funguo alikuta watu wamejaa. Sagiru hakufika nyumbani usiku. Pikipiki yake ilikuwa uani, viatu vyake mlangoni pa ofisi yake, vimepangwa sawa, na simu ilikuwa ikiita juu ya meza. Mama yake ndiye aliyekuwa akipiga. Alhaji, akiwa hana fundi mwingine, alimwomba Kyari awashe mashine moja ili watoe tangazo la kumtafuta.

Zulai ndiye aliyeketi kuliandika. Hasken Borno haikuwepo tena kwenye orodha, hata kwenye nakala ya akiba. Ila palikuwa na fonti mpya, ambayo hakuna aliyeiweka.

"Hii imetoka wapi?" Zulai alinong'ona. "Imeandikwa Sagiru."

Akaijaribu. Neno *Amepotea* likatokea kwa mwandiko wa harakaharaka, umelalia kushoto, mwandiko ambao wote walikuwa wakiuona kila siku kwenye karatasi za maagizo. Nukta zake zilikuwa zinatetemeka. Mashine ikaanza kukwaruza, kwa ndani, kwa kucha.

Zulai akarudisha kiti nyuma. "Ifute, Kyari. Itupe, tafadhali."

Kyari aliinama, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya bega la Zulai, akachagua fonti nyingine.

"Herufi za mtu hazitupwi, Zulai," alisema. "Endelea kuandika."